Sahihi ya Lettow na Ufagio wa Askari

Wako watu Ulaya kazi yao kukusanya sahihi za maafisa wa kijeshi wa zamani: picha, barua, vitabu. Sahihi ya Paul von Lettow-Vorbeck, yule Mjerumani aliyepigana na Waingereza nchini mwetu tangu 1914 hadi alipojisalimisha Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, ni mojawapo ya zinazotafutwa. Kitabu chake cha kumbukumbu cha 1920, kikiwa na jina lake kwa wino, huuzwa ghali kuliko kisicho nalo. Na maneno ndani ni yaleyale!

Nimekisoma kwa Kiingereza, jicho likitafuta kwetu. Korogwe imo, Handeni imo, na reli ndogo ya vitoroli kutoka Mombo kwenda Handeni. Miji yote miwili ilichukuliwa na Waingereza Juni 1916. Kifani, jamaa anaandika sawasawa: sentensi kavu, hana kilio. Lakini wahusika je? Maafisa wana majina na vyeo. Wapagazi karibu wote ni jumla tu, kama magunia. Najua hii ni kumbukumbu siyo riwaya, ila kwa hesabu za Waingereza wenyewe wapagazi waliokufa upande wao walizidi 90,000. Watu wengi hivyo, halafu hata mmoja hasemi neno!

Sahihi iliyonigusa imo kwenye kitabu kingine, Out of Africa cha Karen Blixen (1937). Lettow alisafiri naye melini kuja Afrika Mashariki, akampa picha yake yenye sahihi. Vita vilipoanza, Blixen akawa anapeleka mizigo ya Waingereza kwa magari ya ng'ombe huko Umasaini. Farah, mtumishi wake Msomali, aliibeba picha ile pamoja na fedha na funguo za safari. Wakikamatwa na Wajerumani, ataitoa. Hapo Blixen anawashinda wakusanyaji wote. Kwa Farah sahihi siyo pambo la ukutani, ni roho za watu. Kasoro yake ni kwamba anatabasamu kidogo kisha anapita. Mimi ningekaa hapo kurasa ishirini.

Maana mwaka 1964, mwaka aliofariki Lettow, Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wake wazee. Husimuliwa kwamba wengi walifika bila cheti, wakapewa ufagio waushike kama bunduki na kutii amri za Kijerumani. Karatasi hawana, mwili ndio ukatoa ushahidi. Jamani, hiyo ni riwaya nzima imelala bure! Na mpagazi angeonyesha nini? Bega?

Nimeanza kumwandika mmoja, wa kubuni, mtu wa Handeni, amebeba sanduku la afisa asijue ndani mna karatasi gani. Sura mbili ziko tayari. Jina lake bado linanitesa.