Kiswahili cha Amri Katika Madarasa ya Uganda

Mwalimu wa lugha ya kigeni hufundisha pia, apende asipende, namna wenye lugha hiyo wanavyotazamana na kuheshimiana. Jambo hili hukubaliwa na kila mtu katika semina za walimu, kisha likasahauliwa mara kitabu cha kwanza kinapofunguliwa darasani. Katika makala haya nakusudia kuyatazama mazoea yetu ya kufundisha Kiswahili katika kidato cha kwanza na cha pili nchini Uganda, na kueleza kwa nini naona kwamba tunaanzia mahali pasipofaa.

Lugha hii haikuingia Uganda kwa mlango mmoja, wala haikupokewa na wote. Mwaka 1927 Gavana Gowers alipopendekeza itumike zaidi katika elimu na utawala, Kabaka Daudi Chwa alikuwa miongoni mwa waliopinga. Mwaka 1973 serikali ya Idi Amin iliitangaza kuwa lugha ya taifa. Mwaka 2005 katiba ilirekebishwa, ikawa lugha rasmi ya pili, na mtaala mpya ulioanza mwaka 2020 ukaiweka miongoni mwa masomo ya lazima katika vidato viwili vya mwanzo. Hizo ni tarehe za maandishi. Lakini raia wengi, hasa wa kusini, Kiswahili walikisikia kambini na kwenye vizuizi vya barabarani: simama, toa kitambulisho, lala chini, leta pesa. Mzee aliyeishi miaka ile huenda hajui Kiswahili cha Lamu wala cha Unguja, ila vitenzi hivyo anavijua barabara, na vyote ni vya kuamuru.

Sasa na tulitazame somo la kwanza katika madarasa yetu. Aghalabu mwalimu huanza na simama, keti, njoo hapa, fungua kitabu, funga mlango. Sababu yake naifahamu, nayo si ya kipuuzi: mwanafunzi huelewa upesi neno analoliona likitendwa, na kitenzi cha kuamuru hakina viambishi vya kumtisha. Kwa mtoto wa nchi nyingine njia hiyo haina madhara. Kwa mtoto wa Uganda ni kumrudishia nyumbani Kiswahili kilekile ambacho nyanya yake alikikimbia. Akienda likizo akaulizwa amejifunza nini, atasema, “Simama! Njoo hapa!” Nyanya naye atathibitisha moyoni kwamba lugha hii ni ya watu wasiokuwa na adabu.

Na hilo ni uongo mkubwa kuhusu watu wenye lugha hii. Mswahili wa pwani akitaka maji kwa mtu asiyemzoea hasemi “Nipe maji”. Husema “Naomba maji”, au “Tafadhali niletee maji”. Neno nipe si tusi, kwa kuwa ndugu huambiana hivyo kila siku, lakini hulichagua mtu wa kumwambia. Uchaguzi huo ndio utamaduni wenyewe. Vitabu vyetu hutafuta utamaduni kwingine, katika picha za jahazi, kanzu na sahani ya pilau, na mwanafunzi huzitazama kama atazamavyo vitu vya makumbusho.

Linalonisikitisha zaidi ni kwamba adabu hii ingekuwa nyepesi mno kwa wanafunzi wetu wengi. Mganda husema “Nkusaba ompe amazzi”. Kiswahili husema “Nakuomba unipe maji”. Mpangilio ni uleule, na hata ile irabu e mwishoni mwa kitenzi cha pili ni ileile. Hata hivyo umbo hili tunaliahirisha mpaka muhula wa pili au wa tatu kwa madai kwamba ni gumu! Vivyo hivyo mlangoni: Mganda hupiga “Koodi!” naye huitikiwa “Karibu!” Hata saa zake huzihesabu kama za pwani, ssaawa bbiri ni saa mbili. Mtoto huja darasani amebeba nusu ya somo, nasi tunamwambia aiweke nje.

Sisemi kwamba ujirani wa lugha hautegi. Okuwa kwa Luganda ni kupa, sio kuwa. Okutunda ni kuuza, basi mwanafunzi akisikia mtoto anatunda maembe atadhani yuko sokoni kumbe yuko juu ya mti. Okufuga ni kutawala, wakati Mswahili hufuga mbuzi na kuku. (Neno hilo la mwisho hulipatia darasa kicheko, na mwalimu mwerevu hatakizima haraka.) Tena wanafunzi wa Acholi, Lango au Teso hawana daraja hili la Kibantu, nao wahitaji muda mrefu zaidi na mazoezi mengine. Kitabu kimoja kwa nchi nzima hakiwezi kuwatosheleza wote.

Pana mambo ambayo hayana mfano nyumbani, na hayo ndiyo yanayodai maelezo ya mwalimu. Shikamoo huorodheshwa kwenye jedwali pamoja na tafsiri yake ya Kiingereza, kana kwamba ni salamu ya asubuhi tu. Mwanafunzi hupaswa kuambiwa kwamba huelekezwa kwa mkubwa, kwamba jibu lake ni marahaba, na kwamba kumwamkia hivyo rika lake ni mzaha. Au chukua “Habari za nyumbani?” Mswahili aliyefiwa jana huweza kujibu “Nzuri”, kisha akaongeza, “ila tuna msiba”. Asiyefundishwa atamwona mwongo. Aliyefundishwa atajua kwamba jibu la kwanza ni la heshima, na habari yenyewe hufuata.

Ningependa, basi, majuma manne ya mwanzo yawe ya salamu, ya hodi, ya kuomba na kushukuru, na amri za darasani zenyewe zitolewe kwa umbo la upole: tufungue vitabu, naomba usimame. Walimu wengine watasema kwamba mtihani haulipi kazi hiyo, na kwa kiasi fulani wana haki. Mwanafunzi anayemwandikia mwalimu mkuu barua akasema “Nipe ruhusa niende nyumbani”, na mwenzake anayesema “Naomba ruhusa ya kwenda nyumbani”, wote hawana kosa la sarufi. Mtahini akiwapa alama sawa, ana maana gani hasa anapoandika pembeni kwamba wote wawili wanakijua Kiswahili?