Kabla ya Kuyalaumu Masega

Mwaka 2011, magari yalipopanga foleni ya kilomita nyingi kuja hapa Samunge kwa Babu Ambilikile Mwasapile, kikombe cha dawa yake kilikuwa shilingi 500, kimoja kwa magonjwa yote. Mafundi magari nao wana kikombe chao. Taa ya cheki injini ikiwaka na mashine ikasoma kosa P0420, jibu ni lile lile: "Bosi, masega yamekufa."

Huenda yamekufa kweli. Ila kompyuta ya gari haijayaona masega, yaani kile kisafisha moshi cha seramiki kilicho ndani ya bomba la ekzosi. Imesikiliza sensa mbili za oksijeni, moja kabla ya masega na nyingine baada yake. Injini ikishapata moto, sensa ya mbele, kama ni ya aina ya zamani, hurukaruka kati ya volti 0.1 na 0.9. Ya nyuma hutulia karibu na 0.6 au 0.7, kwa sababu masega mazima huhifadhi oksijeni na kuiachia kidogo kidogo. Ya nyuma nayo ikianza kurukaruka, taa inawaka. Kazi ya fundi ni kujua nani anayeirusha.

Anayefuta kosa kabla ya kulisoma vizuri, mwogope. Taa itazima, utalipa, utashukuru, na baada ya safari mbili tatu itarudi. Amefuta pia kumbukumbu ya hali ya injini wakati kosa lilipotokea: joto, mwendo, mzigo. Ni kama daktari anayechana cheti cha vipimo ili mgonjwa apone.

Fundi mzuri huanza na maswali. Injini inakula oili? Plagi zilibadilishwa lini? Taa inawaka tu au inapepesa? Hilo la mwisho ndilo kubwa. Ikipepesa, gari lina misi. Petroli isiyoungua inaenda kuungulia ndani ya masega, na seramiki inaweza kuyeyuka. Simama hapo hapo. Ikiwaka bila kupepesa na gari halijapoteza nguvu, kwa kawaida utafika Karatu salama, ukipenda hata na mbuzi wako nyuma.

Kisha alale chini ya gari. Huku kwetu, ukiacha kipande cha lami cha Waso hadi Sale, bomba la ekzosi linakula mawe kila siku, na njia ya Engaresero ina makorongo ambayo mvua ikinyesha yanakuwa mito. Bomba lililopata moto likitumbukia kwenye maji baridi, seramiki hupasuka. Bomba likiwa limepoa, fundi hulipiga kwa kiganja. Likilia kama njuga, vipande vimeachia, na hapo sibishani naye.

Niliyemwamini mimi alikuja saa kumi na mbili asubuhi, Noah yetu ikiwa bado ya baridi. Alimwambia mke wangu, "Mama, washa," akaziba mdomo wa ekzosi kwa tambara bichi kwa sekunde chache tu huku akisikiliza. Palisikika *chii* nyembamba. Akapitisha kiganja karibu na bomba bila kuligusa, akasimama kwenye maungio baada ya masega, mbele kidogo ya sensa ya nyuma. Pana mstari wa masizi, mwembamba kama wa penseli. Hewa ya nje ilikuwa inavutwa hapo, sensa inaisoma, masega yanasingiziwa.

Mafuta nayo yaulizwe. Petroli yenye risasi, sumu kuu ya masega, nchi za kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia 2006, lakini uchakachuaji ulibaki, ndiyo maana EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati, ikaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010. Ukinunua petroli ya madumu barabarani, usimfiche fundi.

Dalili mbaya kuliko zote ni fundi anayekimbilia kuyatoa masega. Ndani yake mna platinamu, paladiamu na rodiamu, na wanunuzi hawakosekani. Gereji moja ya mjini iliniondolea ya gari langu la kwanza ikaniambia "tumeyasafisha". Bomba lilirudi jepesi kama kopo, na sensa ya nyuma ilikuwa imeongezewa nati ndefu ili ikae mbali na moshi, isione kitu. Taa haikuwaka tena. Niligundua baada ya mwaka, kwa harufu.

Kwa hiyo sasa nikipeleka gari, naomba spea ya zamani mkononi, hata kama ni takataka. Yule wa Noah alibadilisha gasketi, akanirudishia iliyoungua imefungwa kwenye gazeti, akakataa kufuta kosa. "Tembea nayo siku tatu, mzee. Ikizima yenyewe, unilipe." Ilizima siku ya nne, nikiwa Waso sokoni.