Faili Halifunguki: Uhakiki wa Lugha ya Hitilafu katika Programu za Kuhariri Picha

Katika makala hii tunakusudia kuchunguza fungu dogo la istilahi ambalo, pengine kwa sababu ya udogo wake, limepita bila ya kupimwa: maneno yanayotumiwa kumweleza mtumiaji wa kompyuta kwamba programu ya kuhariri picha imeshindwa kufungua faili. Madhara yanayotokana na maneno haya si ya lugha peke yake. Mtu akipewa neno lisilo sahihi mahali hapa hufanya tendo lisilo sahihi, na aghalabu tendo hilo ni kuifuta picha iliyo nzima.

Programu nyingi za kazi hii hutoa ujumbe wake kwa Kiingereza. Kwa hiyo mfasiri wa kwanza si mtaalamu aliyeketi na kamusi zake, bali ni mwalimu wa kompyuta, au karani mzoefu aliyesimama nyuma ya kiti cha mwenzake. Tafsiri zinazosikika sana ni tatu: "faili halifunguki", "faili limeharibika", na "umbizo halitumiki". (Wako wasemao "faili hii haifunguki". Ugomvi huo wa ngeli hatutauingia leo.)

Tuanze na "halifunguki". Kila mwalimu wa sarufi anajua kwamba kitenzi kilichonyambuliwa kwa namna hii hueleza hali ya kitu chenyewe. Mlango usiofunguka una kasoro yake: bawaba zimeshika kutu, au kitasa kimekwama. Sasa tuchukue picha iliyopigwa kwa simu ya iPhone na kuhifadhiwa katika umbizo la HEIC, ambalo Apple ilianza kulitumia katika simu hizo mwaka 2017. Picha hiyo haina kutu yoyote. Ilifunguka kwenye simu, na ikirudishwa huko itafunguka tena. Iliyoshindwa ni programu iliyo mezani, ama kwa kuwa ni ya zamani, ama kwa kuwa kompyuta ya Windows haijawekewa visomaji vya HEIF na HEVC ambavyo Photoshop huvitegemea. Kusema "programu imeshindwa kulisoma faili hili" huuweka upungufu mahali pake. Wanaotetea "halifunguki" husema kwamba neno hilo ni fupi na latosha katika kisanduku kidogo cha ujumbe. Ufupi huo tunaukubali, lakini haufai kununuliwa kwa gharama ya kuisingizia picha.

Tumechagua "kulisoma" badala ya "kulifungua" kwa makusudi. Watumishi wa serikali wanafahamu kwamba katika lugha ya masjala "kufungua faili", kama vile "kufungua jalada" polisi au mahakamani, ni kuanzisha faili jipya juu ya jambo lililotokea. Karani aliyelelewa katika desturi hiyo akiambiwa kwamba kompyuta imeshindwa kufungua faili, ana haki ya kudhani kwamba imekataa kumwanzishia jipya. Hatudai kwamba kitenzi hicho kiondolewe, maana kimekwisha kuenea mno. Twasema tu kwamba katika ujumbe wa hitilafu, ambapo mtu amekwisha kufadhaika, "kusoma" hakina utata huo.

Neno lenye madhara makubwa zaidi ni "limeharibika". Neno hili limefanywa kapu la kutilia kila kisa, ilhali visa vyenyewe havifanani hata kidogo. Faili lililoharibika kwa hakika ni lile lililopotewa na sehemu ya yaliyomo. Kadi ya kamera ilichomolewa kabla ya kazi ya kunakili kwisha, au upokeaji ulikatika njiani. Dalili zake huonekana: ukubwa wake ni baiti sifuri, au ni mdogo mno ukilinganishwa na wenzake, au ikiwa ni JPEG, nusu ya juu huonekana na nusu ya chini ikawa kijivu kitupu. Hapo neno "limeharibika" ni la haki, na dawa yake ni kurudi kwenye nakala ya asili kama ingalipo.

Lakini kiko kisa kingine, nacho ni cha kawaida sana, ambacho faili ni zima na jina lake ndilo lenye uongo. Karibu kila umbizo la picha lina alama yake mwanzoni mwa faili. JPEG huanza kwa baiti FF na D8. Faili la PNG lina alama ya baiti nane, na ndani yake, kuanzia ya pili hadi ya nne, zimo herufi P, N na G. GIF huanza kwa herufi sita ambazo ama ni GIF87a ama ni GIF89a. WebP, umbizo lililotangazwa na Google mwaka 2010, huanza kwa herufi RIFF, na baada ya baiti nne za ukubwa huja herufi WEBP. Sasa mtu huipata picha ya WebP kutoka mtandaoni, akaihifadhi kwa jina linaloishia na .jpg. Photoshop huiamini ile .jpg, ikaingia ndani kutafuta alama za JPEG, isizione, kisha ikatoa ujumbe kwamba imekuta alama ya JPEG isiyojulikana au isiyo halali. Mwalimu aliyesimama nyuma hutafsiri: "limeharibika". Mwanafunzi hufuta. Tumfikirie karani mwenye picha mia mbili za watahiniwa, zote nzima, zote zimepewa majina yasiyo yake, naye ameambiwa kwamba zote zimeharibika. Itambidi awaite watahiniwa wote wapigwe picha upya, kwa sababu ya kitenzi kimoja.

Kwa kisa hiki tunapendekeza "jina la faili halilingani na yaliyomo". Ni maneno manne na viunganishi vyake, lakini yanampa msomaji tendo la kufanya.

"Umbizo halitumiki" nalo limeenea, hata katika tafsiri zilizofanywa na makampuni makubwa. Msomaji wa Kiswahili akiliona huelewa kwamba umbizo hilo limeachwa, kama sarafu iliyoondolewa sokoni. Ukweli ni kinyume. WebP ilikuwa ikitumika kotekote wakati Photoshop ilipokuwa bado haiwezi kuisoma bila ya kuongezewa kijalizo. Uwezo wa kuisoma yenyewe iliupata katika toleo 23.2, mwaka 2022. GIMP ilikwisha kuimudu tangu toleo 2.10 la mwaka 2018. Kisichotumika ni nini, basi? Wengine wamejaribu "haliauniwi". Asili ya neno ni njema, kwani kuauni ni kusaidia, lakini tunashuku kama karani mmoja kati ya kumi atalielewa bila ya kamusi. "Programu hii haisomi umbizo la WebP" ni Kiswahili cha kila siku, tena hulitaja umbizo lenyewe, jambo ambalo tafsiri zile mbili hulificha. Akishalijua jina lake, mtumiaji aweza kutafuta toleo jipya zaidi, au programu nyingine.

Linabaki suala la "kiendelezi", yaani zile herufi zifuatazo nukta mwishoni mwa jina. Neno hilo hilo limepewa pia vijalizo vinavyoongezwa kwenye vivinjari vya mtandao, hata mwanafunzi akiambiwa "angalia kiendelezi" aweza kwenda kutazama pasipohusika. Tungependa liwe "kiendelezi cha jina", kwa ukamilifu, hasa kwa kuwa Windows isipobadilishwa mpangilio huyaficha mafungu hayo ya herufi, na mwanafunzi hawezi kukisia kwa kuona.

Humo ndimo mnamozaliwa kosa jingine la walimu. Husema: "Ibadilishe iwe JPG." Kitenzi "badilisha" hakisemi kinachobadilishwa ni kipi. Mwanafunzi hubadilisha herufi za mwisho wa jina, na baiti za ndani hubaki vilevile. Faili lililokuwa na jina la kweli sasa limepewa la uongo, na programu iliyokuwa ikilisoma huenda ikalikataa. Yafaa darasani patenganishwe "kubadili jina" na "kugeuza umbizo", na hili la pili lielezwe kwa matendo yake: picha isomwe kwanza na programu inayoimudu, kisha ihifadhiwe upya katika umbizo linalotakiwa, na faili la asili liachwe lilivyo mpaka lile jipya lithibitishwe kuwa linasomeka.