Mizani ya Programu: Namna ya Kuihukumu Kazi ya Fundi wa Kompyuta

Tangu masoko ya madini yalipoanza kufunguliwa mwaka 2019, la Geita likiwa miongoni mwa yale ya awali, dhahabu itokayo katika maduara ya Nyarugusu, Rwamgasa au Mgusu haihesabiwi kuwa imeuzwa mpaka uzito wake, usafi wake, bei yake na mrabaha wake vimekwisha kuandikwa. Na kwa kuwa siku hizi maandishi hayo hukaa katika kompyuta, mnunuzi wa Geita, mwenye karasha wa Katoro na mhasibu wa Kahama au Shinyanga wote wamekuwa, wapende wasipende, wanunuzi wa programu. Watu hawa ni mahodari wa kuhukumu jiwe. Mletee mmoja wao kipande cha dhahabu, atakigeuza kiganjani, atakipima hewani kisha majini, atauliza kilikotoka, wala hatatosheka na kauli ya mwuzaji. Lakini mletee programu, atatazama rangi za kioo, ataulizia bei, na shauri litakuwa limekwisha. Makala haya ni kwa ajili yake, ili aweze kuipima kazi ya fundi hata kama hajui kuandika msimbo.

Jambo la kwanza la kulifahamu ni masafa. Ndani ya kompyuta habari huwekwa mahali pawili: katika kumbukumbu, ambayo ni ya upesi na ya ghali na husahau yote umeme ukikatika, na katika diski, ambayo hukawia, ni rahisi kwa bei, na haisahau. Kichakataji kikitaka neno lililomo katika kumbukumbu hungoja takriban nanosekunde 100. Likiwa katika diski ya kisasa isiyozunguka hungoja kiasi cha mikrosekunde 100, yaani mara elfu. Na likiwa katika diski ya sahani zinazozunguka, ambayo haijatoweka katika ofisi zetu, hungoja hata milisekunde 10, yaani mara laki moja. Lau safari ya kumbukumbu ingalikuwa mwendo wa dakika moja hadi duka la jirani, safari ya diski hiyo ingalichukua siku 69. Fundi mwenye ujuzi, basi, kabla hajaandika mstari wa kwanza, hujiuliza kazi yake italazimisha safari ngapi, na swali la nguvu za mashine ya mteja huliacha nyuma.

Kutokana na hesabu hiyo wengi wamejifunza kanuni fupi, kwamba kila kilichomo katika kumbukumbu ni chepesi na kila kigusacho diski ni kizito, na katika kanuni zote za sanaa hii hiyo ndiyo niitiliayo shaka zaidi. Mwaka 2015 watafiti watatu wa Canada walieleza jaribio ambalo ndani yake maandishi marefu yaliungwa kipande baada ya kipande katika kumbukumbu, kisha yakaandikwa diskini kwa mkupuo mmoja. Halafu kazi ile ile ikafanywa kwa kukipeleka kila kipande kwenye faili papo hapo. Njia ya pili, ambayo kila mwanafunzi angeidhania kuwa ni ya mzigo, ndiyo iliyotangulia kumaliza. Hapana muujiza. Katika lugha kama Java andiko likisha kuundwa halibadiliki, na kuliongezea herufi moja ni kulinakili zima mahali papya. Kwa hiyo mtu aungaye herufi milioni moja, moja moja, hunakili ya kwanza, kisha mbili, kisha tatu, hata milioni, na jumla yake ni zaidi ya herufi bilioni 500, kwa kazi ambayo mazao yake ni herufi milioni tu. Na yule aliyedhaniwa kuwa anaisumbua diski kila mara kumbe hakuisumbua, kwa sababu bafa ya lugha huvikusanya vipande mpaka vifike maelfu ya baiti, na mfumo wa uendeshaji huvipokea tena katika sehemu ya kumbukumbu iliyotengwa, ukavishusha diskini kwa wakati wake.

Mwenye karasha anayeingoja ripoti ya mwisho wa mwezi huku robo saa inapita aghalabu hushauriwa anunue kumbukumbu zaidi, au kompyuta mpya. Asikimbilie kutoa fedha. Na aipe programu mauzo ya mwezi mmoja, ashike saa, kisha aipe ya miezi miwili, halafu ya miezi minne. Muda ukikua kwa kadiri ya mauzo, kazi ni salama. Lakini mauzo yakiwa maradufu na muda ukawa mara nne, ndani mna unakili wa namna ile niliyoieleza, au mna mzunguko ndani ya mzunguko usiohitajiwa, na hakuna mashine iuzwayo Mwanza wala Dar es Salaam itakayoliponya donda hilo. Tabia ya kuihukumu mashine badala ya kazi ni ya zamani kwetu: kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974, jaribio la kuzitia hesabu za serikali katika kompyuta likiwa limeshindwa, kilichopigwa marufuku ni uingizaji wa kompyuta.

Ustadi wenyewe, hata hivyo, huonekana zaidi mahali ambapo diski haimo kabisa. Wanajiolojia wa migodi mikubwa, kama ule wa Geita ulioanza kutoa dhahabu mwaka 2000 na wa Bulyanhulu uliofuata mwaka 2001, huugawa mwamba katika vitalu vya kihesabu, na kila kitalu hupewa kadirio la gramu za dhahabu kwa tani. Tuchukue vitalu 500 kwa 500 kwa 100: ni vitalu milioni 25, na kila kadirio likichukua baiti 8, jumla ni baiti milioni 200, ambazo kumbukumbu ya leo huzipokea bila taabu. Sasa, kichakataji hakichoti kadirio moja moja. Katika kompyuta zilizo nyingi huchota baiti 64 kwa pamoja, yaani makadirio 8 yaliyo jirani. Fundi anayevipita vitalu kwa utaratibu ule ule vilivyopangwa huyatumia yote 8, ilhali mwenziwe anayekata safu huchota 8, akatumia 1, na saba yale yakasukumwa nje kabla zamu yake haijafika. Misimbo ya wawili hao yaweza kulingana neno kwa neno, ila mizunguko miwili imebadilishana nafasi. Na mmoja wao anakwenda nyumbani mapema.

Juu ya faharasa, yaani orodha ielekezayo kila risiti ilipo katika diski, sitakawia, maana ni elimu ya siku nyingi: Rudolf Bayer na Edward McCreight waliuunda mti-B, muundo wa faharasa za namna hiyo, katika maabara za Boeing mnamo 1970, na ukurasa mmoja ukibeba funguo 200, ngazi tatu zatosheleza funguo milioni 8, hata risiti moja ipatikane kwa kufungua kurasa tatu. Programu inayopakia mauzo yote ya miaka mitano katika kumbukumbu ili itafute risiti moja ni ya kukataliwa bila mjadala.

Upo upande wa pili, ambao wapenda upesi huusahau. Sheria za mwaka 2017 ziliweka mrabaha wa dhahabu kuwa asilimia 6 na ada ya ukaguzi asilimia 1, na fedha hizo haziandikwi kwa kubahatisha. Programu ikitangaza kwamba mauzo yamehifadhiwa, ilhali yangali katika bafa, imesema uongo ambao umeme ukikatika utadhihirika. Kuyafikisha maandishi diskini kwa yakini kuna gharama: sahani izungukayo mara 7,200 kwa dakika huzunguka mara 120 kwa sekunde, na maandishi ya yakini, yakiandikwa moja moja, aghalabu hayauzidi mwendo huo. Kwa hiyo fundi mjuzi huyaandika mauzo ya mteja moja moja, akazivumilia zile milisekunde chache, kwa kuwa hakuna afanyaye mauzo mara 120 kwa sekunde. Lakini majibu ya sampuli 1,200 yaletwayo na maabara kwa pamoja huyafunga katika muamala mmoja, akaokoa karibu sekunde 10. Anayeyatendea yote mawili sawasawa, ama kwa pupa ama kwa woga, hajaielewa kazi aliyopewa.

Basi, ewe mnunuzi, usikubali kuonyeshwa programu katika kompyuta ya fundi yenye mauzo kumi ya mfano. Idai iwekwe katika mashine yako mwenyewe, ikiwa na nakala ya mauzo yako ya mwaka mzima. Tafuta risiti ya zamani, toa ripoti, shika saa. Kisha, ukiwa umekwisha kuandika mauzo machache ya majaribio, chomoa waya wa umeme ukutani. Ukiwasha tena, kila mauzo yaliyotangazwa kuwa yamehifadhiwa lazima yawepo, na yaliyokuwa nusu yasiwepo kabisa. Yakipungua hata moja, usitie sahihi ya kuipokea kazi, na usimalizie malipo.