Kutu Huanzia Ukingoni

Mgeni akiliona jua na vumbi la Isiolo hudhani kutu ni tabu ya Mombasa. Basi na aende kwenye mashamba ya Burat kabla ya mvua za vuli, ainue plau iliyolazwa chini ya mgunga tangu Mei. Upande wa juu rangi imepauka tu. Upande uliolalia udongo inabanduka kwa kidole, na chini yake chuma kimevimba. Umande wa alfajiri, mkojo wa ng'ombe, mabaki ya mbolea na maji ya kisima yenye chumvi vinatosha kukila chuma bila mvua kubwa. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, ndiyo maana huinua rangi na kuiachanisha.

Nimezoea kukagua vifaa vilivyopakwa rangi, na jicho langu huanzia pasipotazamwa: kwenye kingo, kwenye maungio ya kuchomelea, chini ya vichwa vya bolti. Uso mpana unaong'aa haunishawishi.

Chuma kabla ya kopo

Osha grisi na mafuta kwa sabuni kabla ya kushika brashi ya waya. Ukianza na brashi utayasambaza mafuta. Kisha kwangua kutu inayobanduka, piga msasa, na ujihadhari na ule mng'ao wa kahawia unaobaki baada ya brashi ya waya: ni kutu iliyosuguliwa ikang'aa, mtu akaiita chuma. Chuma kipya nacho kina gamba la kiwandani, la buluu iliyokaribia weusi. Linapendeza, lakini likibanduka litabanduka na rangi yako. Liondoe kwa grainda.

Kipimo changu ni maji. Mwagia kidogo: yakitandaa kama utando, chuma ni safi, yakijikusanya matone, mafuta bado yapo. Kausha vizuri na upake siku hiyo hiyo, kwa kuwa chuma kilicho uchi hakilali usiku mmoja bila kushikwa na kutu.

Trekta la zamani sana linahitaji tahadhari. Huenda praima yake, yaani rangi ya kwanza juu ya chuma, ilikuwa na madini ya risasi. Usilipige msasa mkavu. Lowesha, vaa barakoa, na uwaweke watoto mbali.

Praima tatu, kazi tatu

Redoksaidi ndiyo inayopatikana kila duka. Rangi yake nyekundu ni oksidi ya chuma, na kazi yake kubwa ni kuzuia maji yasipite. Kwa haro inayolala ghalani, inatosha.

Praima ya zinki fosfeti huongeza jambo: inapunguza kasi ya kutu yenyewe pale unyevu unapopenya. Hii ndiyo ninayoichagua kwa trela ya samadi na fremu ya bomba la dawa.

Praima iliyojaa zinki hujitoa mhanga, yaani zinki huliwa kabla ya chuma. Lakini lazima zinki iguse chuma kitupu. Ukiipaka juu ya kutu umetupa pesa.

Mabati na mabomba yaliyopakwa zinki yana kanuni yao. Rangi ya mafuta ikiwekwa moja kwa moja juu ya zinki, mafuta yake hugeuka kama sabuni na rangi huchubuka yote. Tafuta praima iliyoandikwa kuwa ni ya mabati.

Dukani, soma kopo: alama ya KEBS (shirika la viwango la Kenya), tarehe ya kutengenezwa, thina inayotakiwa. Ukilifungua, koroga hadi chini. Mashapo laini yanayochanganyika ni sawa. Yaliyoganda kama udongo wa tanuru, rudisha.

Rangi ya juu na saa yake

Rangi ya mafuta ya kung'aa hufaa kazi nyingi za shamba na hurekebishika kwa urahisi. Epoksi hushika sana na hustahimili kemikali, ila jua la Isiolo huigeuza unga mweupe, hivyo huhitaji kufunikwa na rangi inayovumilia jua. Usiweke rangi yenye thina kali juu ya redoksaidi ya mafuta, kwa sababu itaikunja kama ngozi ya uji. Na fundi anayechanganya petroli kwenye rangi anakuuzia wembamba.

Paka asubuhi umande ukishakauka, kivulini. Adhuhuri bati la trela huunguza mkono. Rangi hukauka juu kabla ya ndani na kuacha malengelenge. Upepo ukianza kubeba vumbi, ahirisha. Koti la kwanza lipake kwa brashi ili liingie kwenye mashimo, na uanze na kingo zote na maungio, kisha upake kote. Rangi mbichi hukimbia ukingo, ndipo kutu hupata mlango.

Ubao wa plau unaogeuza udongo usipake. Udongo utaisugua rangi siku ya kwanza. Baada ya msimu, safisha na upake grisi.

Kukagua kazi iliyokwisha

Baada ya wiki, chukua kipande cha chuma ulichokiandaa na kukipaka pamoja na kifaa. Kichore kwa wembe mistari sita, kisha mingine sita ya kuikatiza, bandika selotepu, vuta. Miraba ikibaki imara, maandalizi yalikuwa mema. Ikiondoka hadi chuma, kosa lilikuwa katika usafi.

Kisha inama. Pitisha kidole chini ya mhimili, nyuma ya bolti, kwenye mshono wa kuchomelea. Ukikuta rangi nene na nyororo hapo, umempata fundi wa kweli. Mlipe vizuri, na msimu ujao mrudie.