Gemu za sabini na kitu: wastani mmoja, kesi mbili

Mwaka 2010 ilitoka gemu ya Xbox 360 inayoitwa Deadly Premonition. IGN ya Marekani wakaipa 2 kati ya 10. Destructoid wakaipa 10 kati ya 10. Hujasoma vibaya. Metacritic, ile tovuti inayozoa alama za wahakiki na kuzigeuza namba moja kati ya 100, ikachanganya hizo na nyingine kibao, ikatoa 68. Sasa mtu anayepita tu akiona 68 anasema, aa, gemu ya kawaida, ngoja nitafute nyingine. Kumbe wanaoipenda wanaipenda kufa, na wanaoichukia hawataki hata kuisikia. Hiyo 68 imeangukia katikati yao, mahali ambapo karibu hakuna mtu aliyesimama.

Kwa waliosoma takwimu hili si geni, ila hebu tulipigie hesabu. Chukua gemu mbili za kubuni, kila moja ina wahakiki kumi. Ya kwanza imepata 6, 6, 7, 7, 7, 7, 7, 7, 8, 8. Ya pili imepata 10, 10, 9, 9, 9, 5, 5, 5, 4, 4. Jumlisha: zote 70. Gawa kwa kumi: zote 7. Wastani unasema hizi ni pacha. Lakini mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi alama zinavyotawanyika kutoka kwenye wastani, ni kama 0.6 kwa ya kwanza na 2.4 kwa ya pili. Mara nne! Kwenye ya kwanza, 7 inakuambia utakachokutana nacho. Kwenye ya pili hakuna hata mhakiki mmoja aliyetoa 7.

Na tatizo hili linazibana zaidi gemu za katikati. Gemu yenye wastani wa 97 haiwezi kuwa na kundi kubwa lililotoa 40, hesabu yenyewe inakataa. Kule juu hakuna nafasi ya kutawanyika. Katikati nafasi ipo tele, kwa hiyo hapo ndipo namba moja inapokuambia kidogo kuliko kwingine kote, na hapohapo ndipo watu wanapoitegemea kuamua watumie hela yao au waache.

Halafu kuna suala la rangi. Filamu ikipata 70 pale Metacritic inapakwa kijani, maana kwa filamu kijani kinaanzia 61. Gemu ikipata 70 inapakwa njano, kwa sababu kijani cha gemu kinaanzia 75. Namba ileile, tovuti ileile. Wenyewe wanajua kwamba wahakiki wa gemu wana mkono mwepesi, kama yule mwalimu ambaye hata mtoro anampa 50, wakaamua kusogeza mstari. Kwa hiyo "katikati" ya gemu si 50. Ni hapo kwenye sabini.

Kuna watu wamekosa hela kwa ajili ya namba hizi. Mwaka 2012 Chris Avellone wa Obsidian alieleza hadharani kwamba studio yao ingelipwa bonasi kwa gemu ya Fallout: New Vegas kama ingefikisha 85 Metacritic. Ilipata 84. Sasa tuseme, kwa mfano tu, kuna wahakiki 81 na mkengeuko sanifu wao ni 9. Kosa sanifu la wastani ni 9 gawa kwa kipeuo cha pili cha 81, yaani 9 gawa kwa 9, ambayo ni 1. Pointi moja nzima ya mtikisiko, hata kabla hujaanza kubishana juu ya ubora wa gemu. (Mtaalamu wa takwimu atanirukia hapa: wahakiki si sampuli iliyochaguliwa kwa nasibu, na Metacritic inawapa baadhi yao uzito mkubwa kuliko wengine bila kutaja uzito wenyewe. Sawa kabisa. Hayo yote yanaifanya pointi hiyo moja iwe dhaifu zaidi.) Mshahara wa watu kuwekwa juu ya tofauti ya 84 na 85 ni kama kumfelisha mwanafunzi kwa kumpima urefu kwa rula iliyopinda.

Turudi kwenye sabini zenyewe. God Hand ilitoka PlayStation 2 mwaka 2006, kazi ya Clover Studio chini ya Capcom, mwongozaji akiwa Shinji Mikami, yuleyule wa Resident Evil ya kwanza. Metacritic ni 73. IGN waliipa 3, na malalamiko yao ukiyasoma si ya uongo. Kamera imeganda mgongoni kwa mchezaji. Unageuka kama lori. Mandhari ni makavu, kuta za kahawia na maboksi. Baadhi ya mizaha yake, hasa inayowahusu wanawake, inachosha.

Ila cheza. Kijiti cha kulia cha pedi, ambacho gemu nyingi zinakitumia kuzungushia kamera, hapa ni cha kukwepa ngumi: pembeni, nyuma, au kuinamisha kichwa. Mfululizo wa mapigo unaupanga mwenyewe, pigo kwa pigo, kabla hujaingia vitani. Na pale chini ya skrini kuna kipimo kidogo kinachopanda kadiri unavyopiga na kukwepa vizuri, kisha kinashuka ukipigwa. Kina ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu, na ya nne ambayo wameiita Die, yaani kufa. Kikipanda, maadui wanakuwa wakali na ngumi zao zinauma zaidi, lakini na malipo yako mwishoni yanaongezeka.

Wanafunzi wa uhandisi wameshakitambua hicho kitu. Ni mrejesho hasi, sawa na pasi ya umeme inayojikata ikipata moto wa kutosha na kujiwasha ikipoa. Gemu nyingi zinazobadilisha ugumu zenyewe zinafanya hivyo kwa siri. Hii inakuonyesha mizani waziwazi, na uzuri wake ni kwamba unaanza kutaka iwe ngumu. Unajiona kabisa unajitafutia kipigo. Sasa fikiria mhakiki mwenye siku tatu za kumaliza gemu na makala inasubiriwa: saa zake za kwanza zote atakuwa anachapwa kwenye ngazi ya kwanza, na ngazi ya kwanza tu ni ngumu. Aliyevumilia na asiyevumilia wanaandika kuhusu gemu mbili tofauti. Mimi ningeipa 9, na wala simlaumu aliyetoa 3. Ninacholaumu ni 73.

Lakini tusidanganyane, zipo gemu ambazo sabini yake ni sabini kweli. Yoshi Touch & Go ya Nintendo DS, 2005. Ilianzia kama onyesho dogo la kutamba na skrini ya kugusa, lililoonyeshwa E3 mwaka 2004 kwa jina la Balloon Trip, na mpaka ilipofika sokoni bado ilinuka onyesho. Mario mchanga anaanguka kutoka mawinguni, wewe unamchorea mawingu kwa kalamu ili ateleze pasipo na hatari. Kisha Yoshi anambeba na kutembea bila kusimama, nawe unamchorea madaraja ya mawingu. Umekosea mstari? Puliza kwenye maikrofoni, mawingu yanafutika. Ni jambo la kupendeza sana kwa nusu saa. Baada ya hapo unafukuzia rekodi yako mwenyewe, basi.

Lalamiko kubwa la wakati ule lilikuwa kwamba ni ndogo mno kwa bei ya gemu kamili. Hapa nina neno. Bei ni kipimo kimoja, raha ya kuchora wingu ni kingine, na kuviweka ndani ya alama moja ni kujumlisha kilo na lita. Bei ya dukani ya 2005 imeshakufa, alama bado imeibeba. Na huku kwetu, ambako wengi tulicheza PS kibandani kwa kulipia mechi au dakika, kuiambia gemu "fupi" wala si tusi. Tulitaka gemu inayonoga ndani ya dakika kumi kabla mwenye kibanda hajasema muda umeisha. Yoshi ingefaa kabisa pale. Bado ni 7, lakini 7 ya amani.

Kuna gazeti la Kijapani, Famitsu, ambalo lina utaratibu ninaoupenda: wahakiki wanne, kila mmoja anatoa alama yake kati ya 10, na zote nne zinachapwa pamoja na jumla kati ya 40. Ukiona 7, 7, 7, 7 unajua. Ukiona 9, 9, 5, 5 unajua zaidi. Nafasi inayoliwa ukurasani ni tarakimu nne tu.

Deadly Premonition ingefaidika na utaratibu huo hata ndani ya nyumba moja, maana wakati IGN ya Marekani wametoa 2, IGN ya Uingereza walitoa 7.5. Kupiga risasi ndani yake ni adhabu. Kuendesha gari ni adhabu nyingine, na gari lenyewe linataka mafuta. Lakini wakazi wa kile kimji cha Greenvale kila mmoja ana ratiba yake ya siku, mvua ikinyesha wanabadilisha, na unaweza kuwachungulia dirishani ukajua nani anamficha nani. Ndevu za mpelelezi York zinaota usipomnyoa. Njia nzima anamsimulia rafiki asiyeonekana habari za filamu za miaka ya 1980, na ukifika unaona bora safari ingekuwa ndefu. Ningeipa 4 kwa vidole na 9 kwa masikio, mbili hizo zikae mbalimbali. Toleo la kompyuta la 2013 lilitoka likiwa limefungwa kwenye picha ya 720p na lina matatizo yake, kwa hiyo ukipata la konsoli chukua hilo.