Kristo wa Thorvaldsen: wa Marumaru na wa Kauri

Kiswahili chatenga kazi mbili: mchongaji hupunguza, mfinyanzi huongeza. Tofauti hiyo yatufaa tupimapo kazi za Bertel Thorvaldsen (1770–1844), Mdenmaki aliyekaa Roma miaka mingi. Huitwa mchongaji, walakini alianza kwa udongo. Kisha ikafanywa sanamu ya jasi, na mafundi wake wakachonga marumaru kwa kuifuata ile jasi. Basi waliofanyiza nakala zake kwa kauri waliirudisha kazi kwenye udongo ilikotoka.

Mwaka 1853 ndugu Meyer na Jacob Bing, pamoja na Frederik Grøndahl, walianzisha kiwanda cha kauri mjini Copenhagen. Miongoni mwa kazi zao za kwanza zilikuwamo nakala za Thorvaldsen. Udongo hulainishwa hata uwe kama uji, humiminwa katika kalibu, hukaushwa, kisha huchomwa, nao hunywea motoni. Haupakwi utando ung'aao kama kioo, ili weupe wake ufanane na wa marumaru.

Tukitazama “Usiku” na “Mchana” za mwaka 1815, twaona kwamba nakala zimefaulu. Asili yake ni vibao vya mviringo, na picha zimeinuka kidogo tu juu yake. Kibao cha kauri kikitundikwa ukutani, jicho hukikuta vile vile likutavyo kile cha marumaru.

Kristo ni habari nyingine. Yule wa marumaru, katika Kanisa la Bibi Yetu mjini Copenhagen, apita mita 3 kwa kimo. Ameinamisha kichwa na kunyosha mikono, akiwaita waliochoka, kama isemavyo Mathayo 11:28. Kichwa kimeinama kwa sababu mtazamaji yuko chini. Kadiri amkaribiavyo, ndivyo uso umwelekeavyo. Lakini nakala ndogo ikiwekwa mezani hutazamwa kutoka juu. Twaona utosi na nywele, na uso umefichika. Yeye aliyemwinamia mnyonge sasa afanana na mtumishi angojaye amri.

Kosa hilo si la udongo wala la fundi, maana mikunjo ya vazi ni safi. Ni la kimo na mahali. Kupunguza ukubwa wa sanamu kwaweza kugeuza maana yake, hata kama hakuna kidole kilichobadilishwa. Mwenye nakala hiyo na aiweke juu kuliko macho yake. Ndipo uso utakapomrudia.